Hadhira ya leo na nafasi za mke na mume katika tamthilia za zamani: tufute, tugeuze au tuache?

Mtunza Pazia ameuliza:

Ndugu zangu wapenda jukwaa, habari zenu. Ninaongoza kikundi kidogo cha maigizo cha watu wanaofanya kazi hii kwa mapenzi tu, na baada ya majadiliano marefu tumekubaliana kuigiza The Taming of the Shrew (yaani «Kumfuga Mwanamke Mkorofi»), tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika mwanzoni mwa miaka ya 1590. Kinachotusumbua ni tendo la tano. Wanaoifahamu watakumbuka kwamba Petruchio, baada ya kumnyima mkewe Katherina chakula na usingizi, na baada ya kumlazimisha aliite jua mwezi, anamwita mbele ya wageni, naye Katherina anatoa hotuba ya mistari 44 akiwahimiza wake wenzake wawatii waume zao na wawe tayari hata kuweka mikono yao chini ya nyayo za waume hao.

Tulifanya usomaji wa wazi mbele ya watu wachache tuliowaalika. Matendo ya mwanzo yaliwachekesha sana, lakini hotuba hiyo ilipoanza kicheko kilikatika, na hakikurudi tena. Baadaye mwalikwa mmoja alituuliza kwa nini tunajihangaisha na mchezo wa namna hiyo ilhali ipo mingi mingine. Mwingine alitupongeza, akasema hotuba ile ina mafunzo mema kwa mabinti, na nakiri kwamba pongezi zake zilituumiza kuliko lawama za mwenzake.

Ndani ya kikundi tumegawanyika. Wapo wanaotaka hotuba ifutwe. Wapo wanaotaka mwigizaji aiseme kwa kejeli na kumalizia kwa kukonyeza jicho, kama alivyofanya Mary Pickford katika filamu ya mwaka 1929. Wapo wanaoona kwamba maneno ya mtunzi hayaguswi. Ninachotaka kuelewa kinapita mipaka ya onyesho letu: hadhira ya leo inapokutana na mke au mume aliyeumbwa kwa kanuni za karne nyingine, je, inaihukumu tamthilia, inaihukumu enzi ile, au inatuhukumu sisi tulioamua kuipandisha jukwaani? Na mwongozaji aingilie kiasi gani?

Mzee wa Tamthilia amejibu:

Ndugu Mtunza Pazia, nadhani tunakosea tunapodhani kwamba watu wa zamani waliketi na kuyameza haya yote bila kujiuliza, na kwamba kukereka ni jambo lililoanza na kizazi chetu. Tamthilia hiyo hiyo unayoihofia ilipingwa jukwaani Shakespeare akiwa bado hai. Yapata mwaka 1611 John Fletcher, ambaye baadaye alishirikiana naye katika uandishi, alitunga mwendelezo unaojulikana kwa majina mawili, The Woman's Prize na The Tamer Tamed (yaani «Mfugaji Afugwa»). Humo Katherina amekwisha kufa, Petruchio ameoa mke wa pili anayeitwa Maria, na usiku wa harusi Maria anajifungia ndani pamoja na wanawake wenzake, akikataa kulala na mumewe hadi masharti yake yakubaliwe. Mwaka 1633 michezo yote miwili iliigizwa mbele ya Mfalme Charles wa Kwanza na malkia wake, ule wa Shakespeare tarehe 26 Novemba na ule wa Fletcher tarehe 28, na Sir Henry Herbert, ofisa aliyesimamia burudani za mfalme, akaandika katika kumbukumbu zake kwamba wa kwanza ulipendwa na wa pili ulipendwa sana. Mimi huwa naitazama hiyo tofauti ndogo kati ya «kupendwa» na «kupendwa sana» kwa furaha isiyo ya kawaida.

Haikuishia hapo. David Garrick, mwigizaji mashuhuri wa London, alipoufupisha mchezo wa Shakespeare mwaka 1754 na kuuita Catharine and Petruchio, hakuthubutu kuuacha mwisho kama ulivyokuwa. Sehemu ya hotuba alimhamishia mume, kisha akamtungia Petruchio maneno mapya ya kueleza kwamba ubabe wake wote ulikuwa barakoa, na kwamba sasa anaivua kwa hiari. Toleo hilo laini ndilo lililotawala majukwaa ya Uingereza kwa takriban miaka 90, hadi matini ya Shakespeare iliporejeshwa London mwaka 1844. Na matini iliporejea, watu walikereka upya: mwaka 1897 mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw aliandika kwamba sehemu ya mwisho inachukiza kabisa kwa hisia za watu wa wakati wake, na kwamba mwanamume muungwana hawezi kuitazama akiwa ameketi na mwanamke bila kuona haya. Sisi tunaona haya yaleyale, tukiamini kwamba ni yetu.

Kuna mfano wa upande wa pili ambao unanipa mawazo zaidi. Tamthilia ya Henrik Ibsen inayojulikana kwa Kiingereza kama A Doll's House ilioneshwa kwa mara ya kwanza Copenhagen mwezi Desemba 1879. Mwishoni Nora anamwacha mumewe na watoto watatu, anatoka, na mlango unasikika ukifungwa nyuma yake. Ilipofika Ujerumani, mwigizaji mashuhuri Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuucheza mwisho huo, kwa hoja kwamba yeye asingewaacha wanawe. Ibsen alijua kwamba sheria za wakati ule hazikuwa zikimlinda huko, na kwamba mtu mwingine yeyote angeweza kuibadilisha kazi yake apendavyo, basi akaandika mwenyewe mwisho mwingine ambamo Nora anavutwa hadi kwenye mlango wa chumba cha watoto, anawatazama, anaishiwa nguvu na kubaki. Yeye mwenyewe aliuita ukatili wa kishenzi dhidi ya tamthilia yake. Kwa hiyo unapowaza kuugeuza mwisho ili kuiridhisha hadhira, kumbuka kwamba njia hiyo imekwisha kupitwa, na wakati ule ilitumika kumrudisha mwanamke jikoni.

Siku hizi, kwa niliyoyaona ukumbini, mlango wa Nora hauishtui hadhira hata kidogo. Wengine huupigia makofi. Torvald anapomwita mkewe kindi na chiriku watu hucheka, kicheko cha kumdharau mume. Wanaponyamaza ni pale Nora anaposema kwamba hataingia kuwaaga watoto. Hapo bado panauma, na sidhani kwamba panauma kwa sababu wote waliomo ukumbini wanaamini kuwa mke ni mali ya mume. Mtu anaweza kuukubali uamuzi wote wa Nora na bado akashindwa kuivumilia sentensi hiyo moja.

Dada Maleba amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Nimefaidika na historia uliyotuletea, lakini naona imelikwepa jambo moja: historia haipandi jukwaani. Anayepanda ni mwigizaji, na kila usiku ni yeye atakayeyasema maneno yale kwa kinywa chake mbele ya watu wanaomfahamu. Nani anayasema ni swali kubwa kuliko maneno yenyewe.

Shakespeare alipoandika hotuba ile alijua kwamba itasemwa na mvulana aliyevaa gauni, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuigiza katika majumba ya umma ya London hadi mwaka 1660, ambapo mwanamke alicheza Desdemona, mke wa Othello, katika tamthilia ya Shakespeare ya Othello mnamo mwezi Desemba. Hotuba ya utii inayotolewa na mvulana aliyejifanya mke, mbele ya wanaume waliojifanya mabwana, tayari ina utani ndani yake ambao sisi tunaupoteza mara tu tunapompa mwanamke aiseme. Ndiyo maana naona majaribio ya karibuni hayakuwa vituko. Mwaka 2003 Phyllida Lloyd aliongoza mchezo huu katika ukumbi wa Globe wa London kwa waigizaji wanawake watupu, Janet McTeer akiwa Petruchio. Ukatili wa kiume ukageuka kitu cha kuigwa na kukejeliwa, mwendo wake, sauti yake, jinsi anavyoketi amejitanua. Mwaka 2019 Royal Shakespeare Company, kampuni ya maigizo ya Uingereza, waligeuza jinsia za karibu wahusika wote, wakajenga dunia inayotawaliwa na wanawake, na mwanamume ndiye aliyenyimwa chakula. Kazi hii ya pili inanitia shaka kidogo: ukipindua dunia nzima, mtazamaji anaweza kwenda nyumbani akiamini kwamba tatizo lilikuwa nani yuko juu, wala si kule kuwa juu.

Ninyi hamna haja ya kwenda mbali hivyo. Mimi hushughulika na mavazi, kwa hiyo nitawapeleka kwenye sehemu ninayoijua, ile ya fundi cherehani katika tendo la nne. Mshona kofia analeta kofia, na fundi analeta gauni. Katherina anavipenda, anasema hajawahi kuona gauni lililokatwa vizuri zaidi. Petruchio anamrukia fundi, anayabeza mikono ya gauni, anamtukana, anamfukuza na mzigo wake. Ni sehemu ya kuchekesha mno, na fundi ndiye anayechekwa. Hadhira inashughulika naye kiasi cha kusahau kwamba pembeni amesimama mwanamke ambaye hajala wala kulala na ambaye ametoka kuporwa kitu pekee alichokisifu tangu aolewe. Huko ndiko onyesho lenu linakoamuliwa. Kama gauni hilo ni kituko, hadhira itacheka pamoja na Petruchio na itaingia tendo la tano ikiwa upande wake, kisha itajikuta imenaswa. Lishoneni liwe gauni zuri kweli, la kutamanika hata na mtu aliyeketi safu ya mwisho. Na liacheni jukwaani likiwa limeanguka sakafuni wakati watumishi wanapita na sahani. Kicheko kitaanza kupungua chenyewe mapema, na hotuba haitaikuta hadhira usingizini.

Kuhusu kukonyeza jicho, naomba msifanye. Kunamwondolea mtazamaji usumbufu wote kwa sekunde moja na kumwambia kwamba yale mateso ya saa mbili hayakuwa kitu.

Nanga amejibu:

Mimi nitakuwa mfupi na huenda nitawaudhi wengi. Iacheni hotuba yote, mstari kwa mstari, na msiitie kejeli. Mtazamaji wa leo si mtoto wa kufichwa vitu vyenye ncha. Anajua kwamba anatazama kitu cha zaidi ya miaka 400, na anaweza kukaa na mambo mawili kwa pamoja, uzuri wa ushairi na ubaya wa kinachosemwa.

Pia tuwe waangalifu tusiwafanye watunzi wa zamani kuwa na sauti moja tu. Katika Othello, Emilia, mhudumu wa Desdemona, anamwambia bibi yake kwamba waume wajue kuwa wake zao nao wana hisia, wanaona na kunusa, wanajua kitamu na kichungu sawasawa na waume. Medea, mke aliyeachwa na mumewe katika tamthilia ya Mgiriki Euripides, aliyeigizwa Athens mwaka 431 kabla ya Kristo na wanaume waliovaa barakoa, anasema angekuwa radhi kusimama vitani mara tatu kuliko kuzaa mara moja, na maneno yake ya malalamiko yalikuja kusomwa katika mikutano ya wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura. Hata wale waliomsoma Shakespeare kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969, wanamkumbuka Porshia akilalamika kwamba matakwa ya binti aliye hai yamefungwa na wosia wa baba aliyekufa, kisha akivaa mavazi ya kiume na kuwashinda wanaume wote mahakamani. Hadhira ya leo humshangilia, na kwa sababu hiyo hiyo hujiuliza kwa nini alihitaji kuvaa suruali ili asikilizwe.

Ninachokiogopa ni yule mwalikwa aliyewapongeza. Huyo hamwezi kumtibu kwa kukata mistari.

Mtunza Pazia amejibu:

Nawashukuru nyote, na nimewasomea wenzangu majibu yenu mazoezini. Gauni litashonwa upya. Katika hilo hakuna aliyebisha. Mwigizaji wetu wa Katherina, ambaye hadi sasa alikuwa amekaa kimya katika mabishano haya, alisema jambo lililotuweka njia panda: kwamba hataki kukonyeza jicho wala hataki kuonekana amevunjika, kwa sababu katika hali zote mbili hadhira inaambiwa mapema ni aina gani ya mwanamke inayemtazama. Anataka kuisema hotuba kwa akili timamu, kama mtu anayelipa deni akijua bei yake. Sijui kama hadhira itamwelewa. Baadhi yetu tunapendekeza tuandike maelezo katika kijitabu cha onyesho, au tuwe na mjadala na watazamaji baada ya pazia kufungwa. Mnaonaje? Na je, kuna namna ya kumjibu mtazamaji kama yule wa pongezi ndani ya mchezo wenyewe?

Mzee wa Tamthilia amejibu:

Marahaba, Dada Maleba. Hoja yako kuhusu fundi cherehani imenishika, nami nimeusoma mchezo huu mara nyingi nikimcheka fundi kama watu wote.

Ndugu Mtunza Pazia, mjadala baada ya onyesho ufanyeni, watu wanaupenda. Maelezo ya kijitabuni sina imani nayo: anayehitaji kuonywa hayasomi, na anayeyasoma hakuhitaji kuonywa. Mpeni mwigizaji wenu anachokitaka. Na tazameni yanayoizunguka hotuba, kwa maana mara nyingi tunaishughulikia kana kwamba imeshuka kutoka hewani. Katherina anaitwa kwa sababu wanaume watatu wamewekeana dau kuhusu mke wa nani atakuja mara tu akiitwa. Dau lilipendekezwa krauni 20, Petruchio akasema hizo angewekea mwewe wake au mbwa wake, na likapandishwa hadi 100. Bianca, mdogo wake Katherina, anaitwa, anajibu kwamba ana shughuli. Mke wa mwanamume wa tatu, aliyekuwa mjane, anajibu kwamba mume ndiye aje. Katherina anakuja, na baba yake hapo hapo anamwongezea Petruchio krauni 20,000, akisema ni mahari nyingine kwa binti mwingine. Hotuba ya utii inafuata baada ya fedha kutajwa, na mwenye kuisema ndiye aliyepiganiwa dau.

Maonyesho mengi hulipitisha jambo hili haraka, watu wakicheka na kunywa. Ninyi liwekeni mezani kwa maana halisi: mfuko wa fedha uwepo, uhesabiwe, uonekane ukibadilisha mikono. Mtazamaji wa pongezi ataendelea kuyapenda maneno ya hotuba ikiwa ndivyo moyo wake ulivyo, lakini atalazimika kuyasikia huku baba, mume na walioshindwa dau wakikabidhiana fedha.

Dada Maleba amejibu:

Naliunga mkono hilo la mfuko, nami nitaongeza moja ambalo kikundi kidogo kinaweza kulimudu. Msiukate utangulizi wa Christopher Sly. Wengi huukata kwa sababu unarefusha mchezo, lakini humo ndimo tunamoambiwa kwamba hadithi yote ya Petruchio na Katherina ni mchezo unaooneshwa kwa mlevi aliyeokotwa nje ya kilabu, akadanganywa kwamba ni bwana mkubwa, na kuketishwa karibu na mvulana mtumishi aliyevalishwa kama mkewe. Mke mtiifu wa kwanza anayeonekana katika tamthilia hii ni mvulana aliyefundishwa kujifanya hivyo, na kama machozi hayamjii, anaambiwa afiche kitunguu ndani ya leso.

Matini ya Shakespeare iliyochapishwa mwaka 1623 inamsahau Sly mapema, haimrudishi. Ila tamthilia pacha iliyochapishwa mwaka 1594 kwa jina la The Taming of a Shrew inamrudisha mwishoni: anaamka, anadai ameota ndoto nzuri kuliko zote, na anaondoka kwenda nyumbani kumtuliza mkewe kwa yale aliyojifunza. Waongozaji kadhaa wameukopa mwisho huo. Kama mnatafuta jibu kwa mtazamaji wenu wa pongezi, basi limekwisha kuandikwa: anayeichukulia hotuba ile kuwa mafunzo ya nyumbani ni Sly, na tumemwona akiwa amelewa tangu mwanzo. Mpeni nafasi hiyo mwigizaji mzuri wa futuhi, na ahakikishe hadhira inampenda kabla hajafika hapo.